Aliyejifunza Kukaa: Maisha ya Bwana Upya, 1954–2024

Ndugu, jamaa, majirani, na wateja mliofunga maduka yenu asubuhi hii: huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimfahamu kama Fundi Vioo. Wachache mliokuwa naye tangu ujanani mlimwita Bwana Upya, kwa sababu ya neno lake lile lile, "Tuanze upya." Jina lilianza kwa utani, akalipokea kama mtu anavyopokea mvua akiwa katikati ya njia, hana pa kujificha. Alipoona siku zake zimekaribia alimwita binti yake akamwambia, "Siku yangu msinipake rangi. Mkisoma habari zangu, semeni na lile." Basi na lile tutalisema. Ameagiza mwenyewe, na bila hilo hamtakuwa mmemjua.

Alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Aprili 1954, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho. Mama yake alifua nguo za watu, na alipenda kusimulia kwamba mwanawe huyu, akipakuliwa chakula, kilichomnukia ni kile cha kwenye sahani ya dada yake. Akibadilishiwa, alikula matonge mawili, halafu kile alichokitoa kikaanza kumnukia tena. "Huyu," mama alisema, "tumbo lake liko hapa, macho yake yako kwa jirani."

Alianza shule mwaka 1961 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1968. Hakuwa mvivu hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa ukurasa wa kwanza. Akikosea neno moja alichana ukurasa mzima na kuanza mwingine, na mpaka muhula unafika nusu daftari lake limekonda kama limeugua. Mwalimu wa darasa la tano alilinyanyua mbele ya wenzake akasema, "Kijana, utamaliza karatasi kabla hujaandika kitu." Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao. Baadaye alikwenda chuo cha ufundi. Akaanza useremala, akahamia umeme, akahamia upakaji rangi, akatoka bila cheti ila akiwa na marafiki wengi. Mama yake alipomkumbusha kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote, alimjibu, "Mama, mimi sitaki yote. Nataka lile litakalonifaa. Sijalikuta tu."

Alilitafuta kwa miaka mingi. Alitengeneza baiskeli. Alikuwa kinyozi. Alipiga picha za vitambulisho katika chumba chenye pazia jekundu. Aliuza viatu. Kila alipoanza jambo, miezi ya kwanza aliimba kuanzia asubuhi, na kazi yake ilikuwa safi kupita kiasi. Kisha nyimbo zikapungua. Akaanza kuona kwamba mtaa una vumbi, kwamba mwenye nyumba hacheki, kwamba wateja wa mji huu hawajui kitu kizuri. Siku moja angeshusha pumzi na kusema, "Hapa hapana baraka. Tuanze upya." Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huyu alikula yake, akala na ya watu aliokuwa nao.

Mkewe alikutana naye mwaka 1980, Bwana Upya alipompelekea suruali ya kupunguza. Alikuwa msichana mshonaji wa sare za shule, mwenye cherehani yake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe. Bwana Upya akasimama mlangoni akimweleza jinsi atakavyohamia mji mwingine, jinsi maisha yatakavyobadilika, mpaka yule dada akamkatiza: "Kaka, simama vizuri kwanza nikupime. Nikikukatia ukiwa unatembea, utavaa mguu mmoja mrefu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981. Mwaka 1983 wakajaliwa binti. Mwaka 1987 wakajaliwa mtoto wa kiume, kitinda mimba.

Mshonaji wa sare anahitaji mahali. Anahitaji wazazi wamjue, walimu wamtume, watoto wakue mikononi mwake, mwaka huu kola ndogo, mwaka ujao kubwa. Mke wa Bwana Upya alipata wateja kila mji, na kila mji aliwaacha. "Cherehani yangu," alikuwa akisema, "imeona dunia kuliko mimi." Kila walipohamia, mumewe alipaka kuta rangi mpya kabla hata ya kufungua mizigo. Watoto wakajifunza kwamba harufu ya rangi maana yake baba amefurahi. Pia wakajifunza kwamba harufu ikiisha, ni vyema kuanza kuangalia yalipo maboksi.

Mwaka 1993 walifika katika mji huu. Wakapanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya vioo, na mzee mwenye karakana akamchukua Bwana Upya kumsaidia. Alijifunza haraka: kulaza kioo juu ya blanketi, kupitisha kikatio mara moja tu bila kurudia, kukivunja kwa mkono ulio tulivu. Aliimba tena. Binti akaanza darasa la nne. Kijana naye akaanza la kwanza, na mtaa mzima ukampenda ndani ya mwezi mmoja.

Lazima tumseme kijana huyo. Walimwita Mzee Mdogo, kwa vile alizungumza kama mstaafu. Akiletewa chai alisema, "Haya, tumshukuru Mungu, imekuja." Akimkuta jirani ameketi barazani alimuuliza hali ya magoti. Baba yake alipoanza tena kusema hapa hapana baraka, baada ya mwaka mmoja, Mzee Mdogo aliweka kikombe chini akauliza, "Baba, mimi nimeshapata rafiki. Sasa huyo rafiki nimfanyeje?"

"Utapata wengine, mzee wangu."

"Si ndivyo tulivyosema na kule?" akauliza mtoto. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua tu.

Siku hizo Mzee Mdogo alikuwa na shughuli kubwa. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na alikuwa akijifunza kupiga mluzi kwa vidole viwili, kama makondakta. Kwa wiki nyingi alitoa mate tu. Jumapili jioni, tarehe 16 Oktoba 1994, mluzi ukatoka. Mama yake aliusikia akiwa kwenye cherehani. Dada yake aliusikia. Majirani walitoka nje kuangalia ni nani. Baba yake alikuwa mjini, akiulizia basi la asubuhi.

Alfajiri ya Jumatatu Bwana Upya alikuwa na begi begani. Alikuwa anakwenda kuangalia chumba cha duka katika mji mwingine, mbali. Mtoto akaamka akamfuata mpaka mlangoni, bado ana usingizi machoni. "Baba, subiri. Nisikilize kwanza."

"Nitakusikiliza nikirudi. Basi litaniacha."

"Ni kidogo tu."

"Nikirudi, mzee wangu. Tena kule kuna uwanja mkubwa, utanionyesha vizuri."

Akaenda. Hilo ndilo lile aliloagiza lisemwe. Hakumpiga mtoto wala hakumtukana. Alimwambia nikirudi.

Chumba cha duka alikipenda. Badala ya kurudi Jumanne kama alivyoahidi, alinunua rangi akaanza kukipaka. Alhamisi mtoto akashikwa na homa na shingo ikakaza. Ijumaa akalazwa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mama yake alikaa kando ya kitanda akiwa amevaa kandambili za kushoto zote mbili, kwa jinsi alivyotoka nyumbani. Jirani alipiga simu katika nyumba ya wageni alikofikia Bwana Upya. Wakajibu kwamba mgeni huyo anashinda nje, hawajui wapi. Mzee Mdogo alifariki Jumamosi, tarehe 22 Oktoba, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka saba. Alizikwa kesho yake. Ujumbe ulimfikia baba yake jioni ya siku hiyo ya maziko.

Aliingia nyumbani Jumatatu asubuhi akiwa na rangi nyeupe kwenye kucha. Watu wakampisha. Mkewe alimtazama. Ni binti yao, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyemsogelea akamwambia, kama anayempa habari njema, "Baba, alikuwa ameshajua kupiga mluzi."

Wanaomkumbuka siku zile wanasema hakulia mbele za watu. Alikwenda nyumba hadi nyumba, mkewe akimfuata, akauliza swali moja. "Mluzi wake ulikuwaje?" Watu wazima walishindwa kueleza. Watoto walijaribu kumpigia. Mtoto mmoja akapiga, Bwana Upya akamgeukia mkewe kwa macho tu, na mkewe akatikisa kichwa. Mwingine akapiga. Mkewe akatikisa kichwa tena, kisha akasema, "Wake ulikuwa na hewa nyingi. Pengo lile." Akajifunika uso kwa khanga.

Wiki mbili baadaye Bwana Upya alileta lori. Nyumba ile ilikuwa imemshinda. Hakuweza kupita mlangoni bila kusimama. Alipakia vitanda, akapakia maboksi, akabeba cherehani na kuipandisha. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kizingiti, hajafunga hata kijiko.

"Mama watoto, inuka. Tukaanze upya."

"Huko unakokwenda," mkewe akamuuliza, "mwanangu yumo?"

Bwana Upya akageuka akaangalia lori.

"Nakuuliza. Nimekufuata kila mahali sikuuliza kitu. Leo nauliza. Kuna mwanzo gani huko wenye mtoto wangu ndani yake? Kama upo nitapanda sasa hivi, nitapanda hata juu ya matairi. Kama haupo, mimi nakaa hapa alipo. Watu wa mtaa huu wanamjua. Nikimtaja wanajua namtaja nani. Huko nikimtaja wataniuliza, nani huyo?"

Injini ya lori ilikuwa inaunguruma. Dereva akachungulia dirishani. "Bosi, napakia au nashusha?"

Alirudia kuuliza mara kadhaa. Mwishowe akazima injini, akashuka, akawasha sigara, akaenda kusimama mbali. Jua likasogea. Bwana Upya alikaa kwenye ngazi ya lori, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, hadi majirani wakafunga madirisha yao kumpa heshima. Kisha akapanda nyuma ya lori, na kitu cha kwanza alichoshusha ni cherehani.

Msidhani alibadilika siku ile. Kukaa kulimtesa. Kwa miaka kadhaa alitembea hadi stendi jioni, akatazama mabasi yanavyoondoka, akarudi. Mkewe hakumuuliza alikotoka, alimwekea maji ya kuoga. Lakini jambo moja alilishika tangu wakati ule. Mtoto akimwita, "njoo uone," aliacha alichonacho na kwenda. Hakujali ni mtoto wa nani. Mteja mmoja, mwenye haraka ya kioo cha kabati, aliwahi kumfokea, "Fundi, mimi nasubiri hapa!" Akamjibu akiwa ameshafika mlangoni, "Na huyu naye anasubiri." Alikwenda kuonyeshwa mdudu. Aliinama, akamtazama mdudu huyo mpaka alipomaliza kuvuka ukuta.

Binti yake alimjaribu sana. Alipofikisha miaka kumi na mitano, ule umri wa kumpima mzazi, alimwita kutoka jikoni akiwa hana lolote la kumwonyesha. Baba akaja mbio, ana vumbi la kioo mikononi. Binti akababaika, akaonyesha sufuria ya maji mekoni. Bwana Upya akainama akaangalia. "Yanachemka vizuri," akasema. Akarudi kazini. Binti alisimama pale hadi maji yalipokaribia kukauka. Leo ni mwalimu wa chekechea, na anasema kazi hiyo alifundishwa siku ile.

Mwaka 2001 mzee mwenye karakana aliacha kazi, na Bwana Upya akaishika. Madirisha mengi ya mji huu, mkiyatazama mkirudi, ni mikono yake. Hakuipanua karakana, hakuibadili jina, wala kuta hakuzipaka rangi mpaka mkewe alipomwambia imetosha, tunaonekana wachafu. Rafiki yake wa chuo alikuja kumshawishi wafungue duka katika mji mkubwa. "Hapa umedumaa, ndugu yangu."

"Sijadumaa," akasema. "Nimeota mizizi."

Jioni alikula na mkewe na kumuuliza leo kulikuwa na nini. Haikuwa lazima kuwe na kitu kikubwa. Mkewe alimweleza nani kaleta kitambaa kibovu, nani kanenepa sare zikambana, nani kapata mchumba na anadhani watu hawajui. Alisikiliza mpaka mwisho. Na hadi kufa kwake alimwita "mama watoto." Jina hilo hakulipunguza.

Watu walianza kumwendea kuomba ushauri, hasa vijana waliotaka kuacha kazi au kuacha wake zao. Hakupenda. "Msinigeuze mhubiri," alisema. "Kuna mahali pa kuondoka, na anayepigwa aondoke mbio. Mimi nilikuwa naondoka pazuri. Wala sikujifunza kwa akili, nilijifunza kwa kuchelewa." Kisha aliwauliza kama wameshakunywa chai.

Maumivu ya tumbo yalimwanza mwishoni mwa mwaka 2023. Tarehe 6 Machi 2024 daktari alimweleza kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshasambaa. Alikwenda kwa binti yake, karibu na hospitali kubwa, akatibiwa kwa wiki kadhaa. Alikubali kila sindano. Ila aliomba, "Mkishindwa, msinimalizie kwenye korido. Nirudisheni nyumbani." Mwezi wa Juni wakamrudisha.

Mkewe, ambaye maisha yao yote ndiye aliyekuwa nanga, ndiye aliyeshindwa kukubali. Alisikia habari za dawa mpya mahali fulani, akataka waende. Akataka wauze mashine za karakana. Jioni moja alishika mikono ya mumewe akasema, "Laiti tungerudishwa mwanzo kabisa, baba watoto. Tungepewa tena siku ile ya suruali, tukaanza upya, tukafanya vizuri."

"Maji yakimwagika hayazoleki," mumewe akamwambia taratibu. "Tena mimi sitaki mwanzo. Nikirudi mwanzo, mimi ni yule yule, nitapita mlangoni na begi. Nataka hii iliyobaki. Hii hii."

"Ni kidogo mno."

"Ni kidogo," akakubali, na machozi yakamtoka. "Zamani ningekufa nisingejali sana, maana nilikuwa sijafika popote. Sasa nimefika, ndipo naitwa. Inaniuma, mama watoto. Nisikudanganye, inaniuma sana."

Walilia pamoja, kisha mkewe akahamishia cherehani chumbani, ili asiwe anamwacha peke yake. Wiki zile za mwisho alishona akiwa kando ya kitanda. Alipotaka kusimamisha mashine mgonjwa alale, mgonjwa alisema, "Endelea, naipenda."

Alhamisi, tarehe 15 Agosti 2024, aliamka mapema, akaomba dirisha lifunguliwe. Akauliza leo ni siku gani. Mkewe akamwambia Alhamisi. "Alhamisi nzuri," akasema, akafumba macho. Mkewe alikaa akaendelea na kola za shati jeupe. Alimwambia kwamba uzi huu wa siku hizi haufai, unakatika ovyo. Alimwambia kwamba mjukuu wao mdogo amepiga simu, anataka kuja likizo. Alimuuliza kama angependa chai sasa au baadaye kidogo. Alizungumza naye kwa muda mrefu, akageuza kola, akashona upande wa pili, kabla ya kugundua kwamba alikuwa anazungumza peke yake. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Majirani walipokuja kusaidia, mmoja alianza kukunja shuka za kitanda. Mama watoto akamshika mkono. "Bado," alisema. "Acha kwanza. Niache nikae nazo hivi zilivyo."

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, kaka zake wawili, na mwanawe mpenzi Mzee Mdogo. Ameacha mjane, mshonaji wa sare, aliyekaa naye katika ndoa kwa zaidi ya miaka arobaini. Binti, mwalimu wa chekechea, na mkwe wake, fundi mitambo. Wajukuu wawili wa kike. Dada zake wawili. Na watoto wa mtaa huu, ambao tangu Alhamisi wamekuwa wakichungulia mlango wa karakana na kuondoka. Anazikwa leo, Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, saa nane mchana, upande wa kulia wa mwanawe.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake, amstareheshe, na ampe moyo mama watoto.